Mkulima Akilala Haamki: Mwaka Wetu wa Carcassonne Kibokoni

Nilinunua sanduku lile la mchezo wa mezani uitwao Carcassonne kwa ajili ya Ami. Ami ni mdogo wa marehemu baba yangu, na tangu nipate akili zangu alasiri zake zilikuwa za barazani: bao mbele yake, kahawa chungu pembeni, na watu wamesimama nyuma kumtazama anavyocheza. Kisha magoti yakamkataa. Nyumba zetu za Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, ngazi zake ni nyembamba na za kusimama, na mtu akishazipanda kwa shida hataki tena kushuka. Kwa muda wa mwaka mzima Ami akawa mtu wa dirishani. Kete zikigongwa chini anazisikia, na mara nyingine hutaja ni nani anayecheza, kwa mlio tu.

Watoto wa nyumba hawalijui bao, na Ami hana subira ya kumfundisha mtu asiyeweza kuhesabu kete kwa jicho. Nikatafuta mchezo ambao utakuwa mpya kwetu sote, asiwepo aliyekwisha kuwa fundi kabla ya wenzake. Mwenzangu wa kazini akanitajia Carcassonne. Nikaupata kwa mtu wa Nairobi aliyekuwa akiuza wake uliokwisha kutumika, shilingi 3,500, na 400 za kuutuma kwa basi. Naandika haya kwa yeyote anayefikiria kufanya kama nilivyofanya mimi, maana kilichoniuma mwaka ule hakikuwa hizo 3,900.

Carcassonne ni mji wa kweli, kusini mwa Ufaransa, wenye ngome ya kuta mbili, moja ndani ya nyingine, na minara mingi. Mchezo wenyewe ulitungwa na Mjerumani, Klaus-Jürgen Wrede, ukatoka mwaka 2000, na mwaka uliofuata ukachukua tuzo ya Spiel des Jahres, ambayo Wajerumani huutunuku mchezo bora wa mwaka. Hauna ubao wa kuchezea. Una vigae 72 vya kadi ngumu, vya mraba, kila kimoja kimechorwa kipande cha nchi ya enzi za kati: ukuta wa mji, barabara, nyumba ya watawa, konde la kijani. Kigae kimoja huwekwa mezani kwanza. Halafu kila mtu kwa zamu yake huvuta kimoja bila kuchagua, akakiunga na vilivyopo, mji kwa mji, barabara kwa barabara, konde kwa konde. Akishakiweka, akipenda, anaweka mtu wake mmoja wa mbao juu ya kigae hichohicho. Akisimama mjini ni askari wa farasi, barabarani ni mnyang'anyi, kwenye nyumba ya watawa ni mtawa. Akilazwa kondeni ni mkulima. Kila mchezaji ana watu wanane wa rangi yake. Mmoja hutembea kwenye kibao cha kuhesabia pointi, saba ndio wa kazi.

Ami alilichukua sanduku akalisogeza karibu na macho, akaitazama ile ngome iliyochorwa juu. Kutoka mlangoni kwetu hadi Fort Jesus ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na Ami amekua akisikia habari za Waomani walioizingira tangu 1696 hadi wakaitwaa 1698. Sikuhitaji kumweleza maana ya ukuta. Nilipomwambia kwamba mji uliofungwa pande zote hulipa pointi mbili kwa kila kigae, na mji uliobaki wazi mwisho wa mchezo hulipa moja tu, aliitikia kwa kichwa. "Ngome isiyofungwa ni mawe," akasema, na akavuta kigae chake cha kwanza.

Tulianza wanne: mimi, Ami, na watoto wawili wa kaka yangu, msichana wa miaka 15 na mvulana wa 12. Kitabu cha maelezo nilikuwa nimekisoma usiku wa jana yake, kwa Kiingereza, na nilipofika kwenye mashamba, yaani yale makonde na wakulima wake, nikaona yatawachanganya. Nikayaacha. Kuyaacha si kosa. Hata leo ningemshauri mtu acheze mara ya kwanza au ya pili bila wakulima, ajizoeze kuunga vigae na kufunga miji. Kosa langu ni kwamba sikumwambia mtu kuwa kuna kitu nimekiacha. Nitalirudia hili.

Jioni ile ya kwanza nilikutana na kosa ambalo nimeliona kwa kila mgeni aliyewahi kukaa kwenye meza yetu. Ni pupa ya watu. Unavuta kigae chenye barabara, unasimamisha mtu. Unavuta chenye mji, unasimamisha mtu. Inaonekana kama unapanda mbegu kila mahali. Zamu yangu ya nane nikavuta nyumba ya watawa, ambayo ikizungukwa na vigae vinane hulipa pointi 9, na ilikuwa na nafasi nzuri katikati, tayari ina majirani watano. Nikatazama mkononi, hakuna mtu. Saba wote walikuwa nje, kila mmoja ameshika kijibarabara au kipembe cha mji ambacho hakifungiki. Mtu wako harudi mpaka kile alichosimamia kikamilike. Nikaiweka nyumba ya watawa tupu, na moyo wangu ukashuka nayo.

Ami ndiye aliyenifafanulia, kwa lugha yake. Bao la Kiswahili lina kete 64, na mwanzoni kila mchezaji anabaki na 22 mkononi, za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja. "Hata huko kwenye ishirini na mbili tunahesabu," akaniambia. "Wewe una saba, mwanangu, unazitupa." Tangu siku hiyo nina kanuni yangu: sishuki chini ya watu wawili mkononi kabla ya nusu ya vigae kwisha. Na kabla ya kumsimamisha mtu najiuliza atarudi lini. Barabara fupi ya vigae vitatu inalipa pointi 3 tu, lakini inamrudisha mtu haraka, na kumrudisha kuna thamani kuliko hizo 3. Mkiwa wanne, vigae 71 vinavyobaki baada ya kile cha kuanzia vinampa kila mmoja zamu kama 18. Mtu aliyekwama zamu kumi katika mji usiofungika amekula zaidi ya nusu ya mchezo wako.

Wiki ya nne ndipo lilipotokea jambo la mji wa yule mvulana. Alikuwa amejenga mji mkubwa, vigae kumi na ngao tatu zilizochorwa ndani yake, na watu wake wawili wamo. Ulibaki na tundu moja katikati, limezungukwa na mji pande zote nne. Kigae chenye mji pande zote nne kipo kimoja tu katika vigae vyote 72, nacho kina ngao. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeiona picha yake kwenye ukurasa wa kitabu unaoonyesha vigae vyote na idadi ya kila aina. Nikamwambia, "Kimoja kipo, subiri." Akasubiri. Kila tulipovuta alikuwa akiinuka kidogo kwenye kiti. Kingetoka, mji wake ungekuwa na vigae 11 na ngao nne, na kila ngao hulipa 2 mji ukifungwa: pointi 30. Vigae vikaisha. Hakikutoka. Akahesabiwa 13, moja kwa kila kigae na moja kwa kila ngao, akashindwa na dada yake kwa pointi 9.

Usiku, baada ya wote kulala, nilivipanga sakafuni vyote nikavihesabu. Vilikuwa 69. Nyumba moja ya watawa haikuwepo, kona moja ya barabara haikuwepo, na kile cha mji pande zote nne hakikuwepo. Nilikaa pale sakafuni muda mrefu. Mtoto alikuwa amesubiri kitu ambacho hakimo ndani ya nyumba, kwa sababu mimi nilimhakikishia kwamba kimo. Kwa hiyo ukinunua sanduku lililotumika, vihesabu siku unapolipokea, kabla ya kumlipa mtu kama inawezekana, na usihesabu jumla tu. Linganisha aina kwa aina na ule ukurasa wa kitabu. Nyumba za watawa ziwe sita: nne zisizo na barabara, mbili zenye barabara. Njia panda ya barabara nne iwe moja. Watu wa mbao nao, wanane kwa kila rangi, rangi tano.

Asubuhi nilimwambia yule mvulana ukweli, na tukatengeneza vigae vitatu kwa kadi ya sanduku la viatu, yeye akachora. Kwa kuwa migongo yake haikufanana na ya vile vingine, tukaacha kuvipanga mezani kwa kuvifudikiza, tukawa tunavuta kutoka kwenye mfuko. Fundi cherehani wa mtaani akanishonea wa kitambaa cha kikoi kwa shilingi 150. Mfuko nakusihi uutengeneze hata kama vigae vyako ni kamili. Vigae havimwagiki, wala hakuna anayeona mgongo wa kigae chenye doa akakikariri. Lakini vile vitatu vyetu vilikuwa vyembamba kuliko vingine, na jioni ya pili Ami aliutoa mkono wake mfukoni mtupu, akaniita kando. "Hiki nakijua kwa kidole," akasema. "Nitafanyaje, nikiache au nikichukue?" Mtu aliyeshika kete miaka hamsini, vidole vyake vinaona. Angeweza kunyamaza na kutushinda kila siku. Nikaagiza sanduku jipya kutoka nje, likanifikia kwa shilingi 7,600 pamoja na usafiri na ushuru. Ukijumlisha yote nimetumia 11,650 kwa mchezo ambao ningeupata mpya mara moja kwa 7,600. La zamani limebaki la kufundishia.

Jambo la mashamba sasa.

Mwezi wa tatu nilikuwa nimechoka kushindwa na Ami. Naliandika wazi kwa sababu bila hilo huwezi kuelewa kwa nini nilifanya nilichofanya. Jumapili moja, kaka yangu amekuja kutuona, meza imejaa mahamri na mbaazi na watu wanazungumza, nikatangaza kwamba leo tutacheza na sheria ya mashamba. Nikaieleza huku namimina chai: mtu anaweza kulazwa kondeni, na mwisho wa mchezo atalipwa pointi 3 kwa kila mji uliofungwa unaopakana na konde lake. "Mtaelewa mbele," nikasema. Sikueleza kwamba mkulima akishalala harudi mkononi mpaka mwisho. Sikuonyesha konde linaanzia wapi na kuishia wapi. Mimi nilikuwa nimekaa na kile kitabu jioni tatu mfululizo.

Nililaza wakulima wawili katika konde moja kubwa lililokuwa likitambaa katikati ya meza. Mvulana alikuwa akicheza vizuri sana siku ile. Alifunga mji baada ya mji, midogo midogo, anachukua pointi zake na kumrudisha mtu wake, hasa kama Ami alivyotufundisha. Kigae cha mwisho kilipowekwa alikuwa na 78, mimi nina 64. Akawa anatabasamu kumtazama baba yake. Ndipo nikaanza kuhesabu konde. Miji saba iliyofungwa ilikuwa ikipakana nalo, tatu mara saba, 21. Nikafika 85.

Alitazama meza, akaweka kidole kwenye miji mmoja mmoja. Mitano kati ya ile saba ilikuwa yake. "Kwa hivyo, Shangazi, nilipokuwa nikiijenga nilikuwa nikikujengea wewe?" Hakulia wala hakuinua sauti. Aliwakusanya watu wake akawarudisha kwenye kimfuko chao, akashuka ngazi. Jumapili iliyofuata hakupanda. Dada yake alisema ana kazi ya shule.

Niliposhinda nilifurahi kwa muda wa kama dakika moja, na dakika hiyo ndiyo inayonisumbua. Katika mchezo huu mashamba ndiyo sehemu isiyoonekana. Miji inapanda na kulipa papo hapo, kila mtu anashangilia, na huku chini ya yote mtu mmoja amelala kimya anangojea. Mwenye kulijua konde na asiyelijua hawachezi mchezo mmoja. Nilikuwa nimenunua sanduku ili asiwepo fundi aliyewatangulia wenzake, kisha nikajifanya fundi kwa kuwanyima maelezo.

Nilimfuata kwao Majengo, katikati ya wiki, nikamwambia hivyohivyo: nilijua, sikukueleza vya kutosha, na nilifanya kwa kutaka kushinda. Alinisikiliza huku anatafuna achari. Akaniuliza swali moja, kama konde linavuka barabara. Nikajua kwamba atarudi.

Njia ya kueleza mashamba tuliyoipata baadaye ni ya Ami, na nimeitumia kwa wageni zaidi ya kumi bila mmoja kukwama. Chukua vigae kumi au kumi na mbili, vipange mezani wazi kabla ya mchezo kuanza. Weka kidole juu ya kijani chochote useme: hapa kuna mbuzi. Mbuzi anakula majani, anakwenda popote penye majani, lakini barabara haivuki na ukuta wa mji haupandi. Mpeleke kwa kidole mpaka akwame. Pote alipoweza kufika ni konde moja. Mgeni atagundua mwenyewe kwamba barabara inayoishia kwenye nyumba ya watawa haimzuii mbuzi, maana anazunguka nyuma ya nyumba hiyo. Atagundua pia kwamba njia panda inaweza kukata konde moja likawa vipande. Kisha umwonyeshe miji ambayo mbuzi anaweza kuigusa ukuta wake. Hiyo tu ndiyo inayolipa, na iwe imefungwa. Nani aliyeijenga hakuhusu kitu.

Halafu mlaze mkulima hapo, na useme kwa sauti kwamba huyu haamki. Ami alilipenda neno hili kwa sababu katika bao kete yako ya mwisho ikiangukia shimo tupu umelala, na zamu yako imekwisha, lakini zamu nyingine inakuja. Hapa aliyelala amelala kweli. Ukiwalaza watatu mapema umebaki na watu wanne wa kufanya kazi ya saba. Mimi nalaza mmoja mapema, katika konde linaloonekana kwamba litapakana na miji mingi, na wengine nawaweka mpaka vigae vibaki vichache. Mwisho kabisa, mtu aliyebaki mkononi bila kazi mlaze hata katika konde la mji mmoja. Pointi 3 ni 3.

Kuna jambo la kukubaliana kabla ya kuanza. Vitabu vya matoleo ya mwanzo vina hesabu nyingine ya mashamba, na hata mji mdogo wa vigae viwili ulikuwa ukilipwa 2 badala ya 4. Mgeni aliyejifunza kwenye sanduku la zamani atakuja na hesabu yake, na hatakuwa muongo. Amueni mapema ni kitabu gani mnachofuata.

Jambo jingine linalozua ugomvi ni kuingia mji wa mwenzio. Sheria inakataza kumweka mtu wako mahali penye mtu tayari. Lakini unaweza kuanza mji wako mdogo kandokando, ukamsimamisha mtu wako humo, na baadaye ukavuta kigae kinachoiunga miji hiyo miwili ikawa mmoja. Mkiwa sawa kwa idadi ya watu, kila mmoja anapata pointi zote. Ukiwa na watu wengi kuliko yeye, unachukua wewe na yeye hapati kitu. Konde nalo ni hivyohivyo. Msichana aliposhuhudia Ami akimfanyia hivyo mara ya kwanza alisema ni wizi. Ami akamjibu kwamba aliliona lango limeachwa wazi zamu tano na hakuna aliyelifunga. Nashauri jambo hili lielezwe na kuonyeshwa kwa vigae mwanzoni kabisa, ili mtu akiingiliwa ajue ni mchezo na asidhani amedharauliwa. Ukimwona mtu ameweka kigae chake hatua moja kutoka mji wako, na amekisimamishia askari, basi ufunge mji wako hata kama ni mdogo. Pointi 8 zilizo mkononi ni bora kuliko 24 ambazo mwenzio naye atazipata, au atakunyang'anya zote.

Jumapili ile aliporudi, mvulana alikaa upande wa pili wa meza akitazamana nami. Sote watatu tulikuwa tumeshaingia mashambani tukishindana: mimi mkulima mmoja, yeye mmoja, msichana mmoja, katika konde lilelile. Nilikuwa na 84. Ami alikuwa na 71, na hatukumhesabu sana, alikuwa amejikalia pembeni mwa meza akijenga mambo yake. Pembeni hapo palikuwa na konde jingine, tuliloliona la maana ndogo, na mkulima mmoja wa Ami amelala humo tangu zamu ya nne. Alihesabu kwa sauti, polepole, anagusa kila ukuta. Miji sita. Kumi na nane. Themanini na tisa. Mvulana alicheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka naye, na huo ukawa mwisho wa ule ukimya uliokuwa kati yetu.

Machache ya matunzo kwa wa Pwani. Unyevu wetu si rafiki wa kadi. Sanduku la zamani niliwahi kuliacha karibu na dirisha wakati wa mvua za masika, na vigae vikapinda kama mahamri. Nilivinyoosha kwa kuviweka kati ya magazeti makavu chini ya vitabu vizito, siku nne, na vingine havikunyooka tena. Sasa vinakaa kwenye bati la biskuti lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vijipakiti vya kukausha vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Meza iwe na nafasi, karibu mita moja kwa mita moja, maana nchi inatambaa upande usioutarajia. Mkeka haufai, vigae vinateleza mtu akijigeuza. Na tulipoupeleka mchezo kwenye bustani ya ufukweni ya Mama Ngina mwezi wa Julai tulicheza zamu sita tu. Kusi lilipovuma kutoka baharini lilipindua nusu ya mji mkuu wa msichana, na tukaishia kula mihogo ya kukaanga na kutazama meli zikiingia. Ami alikuwa amebebwa kwenye kiti kushuka zile ngazi, na kaka yangu na jirani. Alisema ilistahili.

Tangu Ramadhani ipite, mmoja wa wazee wa barazani ameanza kupanda juu. Alipanda mara ya kwanza kumjulia Ami hali, akakuta meza imepangwa, akasimama kutazama kwa mikono nyuma kama wanavyotazama bao. Jumapili iliyopita akavuta kiti. Nilitaka kuanza kumweleza, mvulana akaniwahi. Alitoa vigae kumi na mbili kwenye mfuko wa kikoi, akavipanga wazi, akaweka kidole kwenye kijani.

"Babu, tuanze na hapa kwanza," akamwambia. "Hapa kuna mbuzi."

Mzee akavuta miwani yake, akainama, akaanza kumpeleka mbuzi kwa kidole.